Ule Mrefu Kuliko Wote

Neno lililoniharibia ni "urefu". Nalitaja mapema kabla hasira haijanipeleka kando, maana nikianza na mwalimu nitamtukana, na mwalimu mwenyewe alishazikwa, nami nilisimama kaburini kwake kama watu wengine nikaimba.

Kwetu Gusii maneno yalianza kutugombanisha tukiwa wadogo. Nyumbani mama yangu nilimwita baba. Ndivyo Ekegusii kinavyosema: baba ni mama, na baba mzazi ni tata. Siku ya kwanza shuleni tukaonyeshwa picha ya mwanamume mwenye suruali, tukaambiwa kwa Kiswahili, huyu ni baba. Darasa zima tulicheka, na darasa zima tulichapwa. Tangu siku hiyo nikajua kwamba shuleni neno linaweza kugeuka likiwa mdomoni mwako, na ukishangaa unapigwa wewe, si neno.

Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya sitini. Ninayotaka kusimulia yalitokea mwishoni mwake, nikiwa darasa la saba katika shule iliyoning'inia kwenye mteremko wa Manga. Mvua ikipiga bati ilibidi mwalimu anyamaze aandike tu ubaoni. Mwalimu wetu wa hesabu hakuwa amepitia chuo. Alimaliza darasa la nane, akaonekana ana kichwa cha hesabu, akakabidhiwa chaki. Nitakuwa mwadilifu kwake, ingawa sitaki: likizo ile ya Agosti, wenzake walipokuwa wamekaa kwenye migomba yao, yeye alishuka mlima kila siku isipokuwa Sabato na Jumapili kuja kututayarisha kwa mtihani. Hakuna aliyemwomba. Ndiyo maana hata kumchukia vizuri nimeshindwa.

Tulikuwa wasichana watatu tu darasani. Mmoja alitoka mbali na hamo katika hadithi hii. Wawili tuliobaki tulikuwa mimi na binti wa baba mdogo. Kwa Kiswahili cha vitabu ataitwa binamu, lakini kwetu hakuna neno hilo. Ni dada yangu, basi. Tulizaliwa msimu mmoja wa mavuno, tukaketi dawati moja kuanzia darasa la kwanza, na alinishinda akili. Mimi nilikuwa nakariri, yeye alikuwa anaona. Ukimwonyesha kitu anakiangalia kidogo, halafu anauliza swali moja ambalo linakukosesha raha siku nzima.

Baba yangu na baba mdogo walikuwa wamekata shauri lao mapema, nasi tulilijua vizuri. Atakayeitwa sekondari ataenda. Asiyeitwa atashika jembe na kikapu cha chai. Kurudia darasa hakuna. Wavulana walirudia mara mbili, mara tatu, wengine mpaka wakaota ndevu wakiwa darasa la saba, na hakuna aliyewauliza. Sisi tulipewa mtihani mmoja. Ukiteleza, umeteleza.

Sasa pembetatu. Mwalimu alizipenda zile za pembe mraba, zenye kona moja iliyonyooka kama kona ya mlango. Aliziita pembetatu za ukoo. Tatu, nne, tano, hao ni wazazi. Sita, nane, kumi, hao ni watoto wao. Tano, kumi na mbili, kumi na tatu, huo ni ukoo wa jirani. "Mtihani haukosi mmoja wao," alituambia. "Ukiona wawili, wa tatu umeshamjua, huna haja ya kuhesabu." Hapo alikuwa sawa kabisa. Nimefundisha hesabu miaka yangu yote ya kazi na nimezifundisha hivyo hivyo, kwa ukoo wao, na sijawahi kutaja nilikojifunza.

Ubaya ulikuja tulipofika kwenye eneo. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, tena kimoja tu, chake. Kilisema uzidishe kitako cha pembetatu kwa kimo chake, ugawanye kwa mbili. Lakini neno "kimo" mwalimu hakuwa nalo, wala sisi. Ekegusii kina "obotambe", nalo ni la kila kitu: mtu aliyesimama, kamba iliyolala, njia ya kwenda soko la Nyaramba. Kiswahili chetu cha kuokoteza kilikuwa na "urefu", nalo pia halichagui. Akaandika ubaoni: kitako mara urefu, gawanya kwa mbili.

Dada yangu akainua mkono. "Mwalimu, urefu ni upi? Naona pande tatu, na zote zina urefu."

Mwalimu alisita. Namwona mpaka leo, chaki iko hewani, macho yako kwenye kitabu, na kitabu hakimsaidii. Angesema, "Ngojeni niulize," nisingekuwa naandika haya. Lakini mtu mzima, mbele ya watoto arobaini, aulizwe na msichana halafu aseme hajui? Akachukua chaki nyekundu akaupaka ule upande wa mshazari.

"Urefu ni ule mrefu," akasema. "Mrefu kuliko wote. Kama si mrefu, ungeitwaje urefu?"

Darasa likacheka na dada yangu akaketi. Tukafanya mfano: kitako nane, mshazari kumi. Nane mara kumi ni themanini, nusu yake arobaini. Wote tukapata vema. Tukapewa kumi za namna hiyo, wote tukapata vema tena, na mwalimu akafurahi sana.

Ni dada yangu aliyekataa kuacha. Tulipokuwa tukirudi nyumbani akaniuliza, "Kama hesabu inataka kitako na ule mrefu tu, huyu wa tatu wa ukoo tunamtafutia nini?" Nikamwambia aache ujuaji.

Lazima nieleze shamba letu, na ni jambo rahisi. Babu alikuwa na shamba la pembe nne, barabara ikiwa juu na mto chini. Njia ya zamani ya kwenda kisimani ilikata shamba hilo kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini iliyo mkabala nayo. Babu alipowagawia wanawe wawili alisema njia yenyewe ndiyo mpaka, asije mtu akagombana na waenda kisimani. Majirani walimcheka, maana watu wote wanagawa vipande vinavyoshuka wima. Basi baba yangu akapata pembetatu ya juu na baba mdogo akapata pembetatu ya chini, zote zikiwa na chai, na njia ikapita katikati.

Jumapili, ambayo kwetu Wasabato ni siku ya kazi, tulikuwa tukichuma chai kila mmoja upande wake. Dada yangu akasimama ghafla, akaweka kikapu chini. "Njoo tupime," akasema. Tulipima kwa hatua zake, maana zilikuwa sawasawa, mimi nilikuwa narusha miguu. Kando ya barabara, hatua arobaini. Kushuka kando ya ua wa shamba, thelathini. Halafu tukaifuata njia ya kisimani kutoka juu mpaka chini. Hamsini, na nusu hatua ikabaki.

"Ni wale wazazi," nikamwambia. "Tatu, nne, tano. Babu alilima wazazi bila kujua."

Yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amechuchumaa, anaandika udongoni kwa kijiti. Pembetatu yetu kwa hesabu ya mwalimu: arobaini mara hamsini, nusu yake elfu moja. Yao ni hivyo hivyo, elfu moja. Jumla elfu mbili. Kisha akapiga shamba zima la babu, arobaini mara thelathini, lile la pembe nne ambalo hata mtoto wa darasa la nne analijua. Elfu moja mia mbili.

"Hizo mia nane nyingine ziko wapi?" akaniuliza.

"Labda babu alizificha mtoni."

Akacheka mpaka akakaa chini kati ya michai. Tukatafuta ni urefu gani ungetoa mia sita kila upande, tukaupata upesi: si ule wa mshazari. Ni ule unaosimama wima juu ya kitako, kwenye kona ya mlango. Nilifurahi siku ile kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hakuna mwenyewe. Naomba ukumbuke kwamba aliyeona ni yeye. Mimi nilihesabu hatua tu.

Jumatatu nikainua mkono. Kwa nini mimi na si yeye? Kwa sababu yeye alikuwa anajua kuona na mimi nilikuwa najua kusema, na nilitaka sifa. "Mwalimu," nikamwambia, "shamba letu limeikataa ile hesabu." Nikaeleza yote mpaka zile mia nane. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomtazama usoni nikajua ameelewa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka sasa. Angekuwa mjinga ningemsamehe.

"Nani mwingine anasema hivyo?" akauliza.

Nikamtazama dada yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakwaruza doa la wino kwenye dawati kwa ukucha wa kidole gumba. Alikwaruza, akakwaruza. Mwalimu akangoja.

"Hakuna? Basi ni wewe peke yako na shamba lako."

Nilichapwa viboko sita mbele ya wavulana wenye ndevu. Kisha akafungua droo, akatoa fomu za mtihani zilizokuwa zinangoja kupelekwa mjini Kisii, akaichomoa yangu, akasema haitakwenda popote mpaka mzazi wangu aje. Fomu hiyo ilikuwa sekondari yangu. Bila hiyo ningeanza jembe siku ile ile.

Kuna jambo kwetu linaitwa ensoni. Ni haya na heshima zilizosokotwa zikawa kamba moja. Mtu aliyetahiriwa rika moja na baba yako ni baba yako, na humfanyi aone haya mbele za watu, awe amekosea au hajakosea. Mwalimu alikuwa wa rika la baba na wa ukoo wetu. Kwa hiyo kosa langu halikuwa hesabu. Nilikuwa nimemvua nguo mzazi hadharani.

Asubuhi iliyofuata baba alivaa koti lake la kanisani tukaondoka pamoja. Tulipofika kwenye njia ya kisimani nilimwonyesha. Nilimweleza huku nalia, hatua arobaini, hatua thelathini, mia nane ziko wapi. Baba alikuwa mtu wa shamba, hakuhitaji chaki. Akatazama mpaka kutoka juu hadi chini, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Ni kweli," akasema.

Nikafikiri sasa nina mtu.

"Ni kweli," akarudia, "lakini si yako kuisema." Akaendelea kutembea.

Nilipiga magoti mbele ya darasa. Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mwalimu akanitaka niseme kwa sauti urefu ni upi, nami nikasema: urefu ni ule mrefu kuliko wote. Akanitaka niandike ubaoni mara ishirini. Niliandika, na mkono wangu ulikuwa na nguvu za ajabu, chaki ilivunjika mara mbili. Alipomaliza kusoma akasema, kwa upole kabisa, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akairudisha fomu yangu kwenye droo pamoja na nyingine. Baba akamshukuru. Nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote, na sijasikia hata moja inayosema yule anayesikia la mkuu huvunjika nini.

Hasira yangu juu ya mwalimu sikuwa na pa kuipeleka. Juu ya baba pia. Unampelekea nani hasira ya baba yako? Basi nikampa dada yangu zote. Yeye ndiye aliyepima, yeye ndiye aliyeandika udongoni, na yeye ndiye aliyekwaruza doa la wino wakati mimi nachapwa. Kuanzia siku hiyo mpaka mtihani sikusema naye. Tulikaa dawati moja kama abiria wasiojuana. Asubuhi tuliteremka kando ya njia ile ile kwenda shule, mimi kwenye chai yetu, yeye kwenye chai yao, na njia tupu katikati. Alijaribu mara kadhaa. Aliniachia ndizi mbivu kwenye jiwe letu la kupumzikia. Niliiacha pale mpaka ikaoza.

Asubuhi ya mtihani wa hesabu kulikuwa na umande mwingi na sketi zetu zililowa mpaka magotini. Nilimsikia akinikimbilia nyuma.

"Dada," akasema, "niambie kitu kimoja tu. Ule urefu. Tuandike upi?"

Nilijua anajua. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilidhani anatafuta njia ya kunisemesha tu, au pengine anataka nimwambie kwamba yameisha. Na hayakuwa yameisha. Nilikuwa na alama za viboko bado, au nilijiambia ninazo.

"Si ulimsikia mwalimu?" nikamwambia bila kugeuka. "Ule mrefu kuliko wote."

Tukafika.

Wasimamizi walikuwa wageni, watu waliotoka shule nyingine, na mwalimu wetu hakuruhusiwa hata kukaribia dirisha. Karatasi ikaja. Maswali yalikuwa ya kuchagua jibu, na wale wa ukoo walikuwamo kama alivyoahidi, mara tatu. La kwanza lilikuwa wale wale watoto: kitako nane, mshazari kumi, tafuta eneo. Majibu yalikuwa ishirini na nne, thelathini, arobaini, themanini. Nilielewa papo hapo. Aliyetunga mtihani huko aliko alikuwa ameweka arobaini pale makusudi, kwa ajili ya watu kama sisi, kama mtu anavyoweka mtego wa fuko mahali anapojua fuko atapita. Nikaweka alama kwenye ishirini na nne, na nikasikia raha ya kumkaidi mwalimu bila yeye kuniona. Nilipoinua kichwa nilimwona dada yangu, viti viwili mbele, anafuta kitu kwa raba. Kila mtu alikuwa anafuta kitu.

Januari barua ilikuja moja, na ilikuwa yangu. Dada yangu alinibebea sanduku mpaka barabarani, akaliweka kichwani kwake mwenyewe, hakutaka kunisikia nikikataa. Gari lilipokuja akanisaidia kulipandisha, akaniambia nisome kwa niaba ya wote wawili. Baadaye aliolewa upande wa Nyamache, nami nikaenda nikamaliza kidato cha nne, nikaingia chuo cha ualimu.

Chuoni, katikati ya miaka ya sabini, mkufunzi aliyetoka pwani alikuwa anatufundisha namna ya kueleza hesabu kwa Kiswahili. Akachora pembetatu, akasema, hiki kitako, hiki kimo. Alilisema kama mtu anavyosema chumvi. Nikamwomba arudie. Kimo, akasema, urefu wa kitu kilichosimama wima. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya bafu za wasichana, nikalia kwa hasira mpaka nikashikwa na kwikwi. Herufi nne. Lilikuwepo siku zote, watu huko mbali walikuwa wanalitumia kupimia milango, na sisi tulipigwa kwa kulikosa.

Likizo iliyofuata nilimkuta dada yangu nyumbani. Alikuja kumsaidia mama yake kuchuma, mtoto mgongoni, kikapu juu ya mtoto. Nilivuka njia nikaingia upande wao, jambo ambalo sikuwa nimefanya tangu darasa la saba, nikaanza kuchuma naye. Nilikuwa nimembebea lile neno kama zawadi. Nikamweleza kimo. Nikamweleza mkufunzi. Kisha nikamgeukia mwalimu wetu, nikamsema vibaya kweli kweli, kwamba yule mzee alimharibia maisha, kwamba kiburi chake kilikula nafasi yake. Nilitaka tukasirike pamoja. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekasirika peke yangu na nilikuwa nimechoka.

Alichuma mpaka nilipomaliza.

"Mwalimu hakuniharibia," akasema. "Nilikuwa nimeweka alama kwenye ishirini na nne."

Nikaacha kuchuma.

"Niliweka kwenye zile tatu zote kama tulivyopima hapa," akasema. "Kisha nikakukumbuka. Nikasema, huyu ndiye aliyepigwa kwa ajili ya hesabu hii, huyu ndiye aliyeitiwa mzazi, lazima baadaye walimwonyesha tulipokosea. Na asubuhi nimemuuliza. Dada yangu hawezi kunidanganya siku ya mtihani. Nikafuta zote."

Kama ni maswali matatu hayo yaliyomkosesha barua, sijui, na hakuna atakayejua, karatasi zenyewe zilishachomwa. Lakini nilichomwambia njiani nakijua. Aliyasema yote bila kupandisha sauti, na vidole vyake havikusimama hata mara moja, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Nilikuwa na hasira nyingi siku ile, na nilipotafuta wa kumpa nikajikuta niko peke yangu katikati ya chai. Mtoto akaanza kulia. Akamfungua, akaniomba nimshikie ili yeye amalize mstari ule kabla mvua haijanyesha.